Shangazi, nivue mtandio siku ya usaili wa chuo?

Shangazi, asalaam alaykum, na shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka kumi na tisa, nakaa Ngamiani hapa Tanga. Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu, nilisoma Fizikia, Kemia na Baiolojia, na matokeo alhamdulillahi yalikuwa mazuri. Mwalimu wangu alinisaidia kuomba chuo kimoja cha Marekani kinachofadhili wanafunzi wa nje. Nataka kusomea viumbe vya bahari. Baba ni mvuvi, samaki wake anawashusha pale soko la Deep Sea, na mimi tangu mdogo nilikuwa nikimsubiri pwani nione nini kimenasa.

Wiki iliyopita nilipokea barua pepe. Mtu aliyesoma chuo hicho zamani anataka tuzungumze kwa video kama dakika 45, Alhamisi ya wiki ijayo, saa "10:00 AM ET". Ni mwanamume. Tangu siku hiyo nyumbani hakulaliki.

Ami yangu anayekaa Chumbageni ndiye mwenye kompyuta na intaneti, na ndiye atakayeniazima. Anasema siku hiyo nivue mtandio, au angalau nifunge kilemba cha mtindo kisichoonekana cha dini, kwa kuwa Wamarekani wakiona ushungi tu wanafunga faili. Yeye aliwahi kwenda ubalozini Dar es Salaam kuomba viza akanyimwa, kwa hiyo nyumbani anasikilizwa kama mtaalamu. Mama hataki nivue, ila amenikataza kutaja dini wala madrasa. Rafiki yangu naye anasema neno lenyewe "madrasa" linawatisha, niseme nafundisha "kituo cha watoto".

Na hapo ndipo penye shida, kwa sababu nje ya shule jambo nililofanya kwa bidii ni hilo. Nina miaka miwili nasaidia kufundisha chuoni kwetu, yaani madrasa, alasiri, watoto thelathini na wawili. Mwaka jana kulikuwa na mtoto wa miaka minane, kila siku anakemewa kwamba ni mzito wa kusoma. Nikamwona siku moja msahafu kauweka karibu kugusa pua. Nikaandika herufi ubaoni, kubwa na ndogo, nikawa namrudisha nyuma hatua moja moja na kuandika anaishia wapi. Hatua mbili anasoma zote. Hatua nne anaona kubwa tu. Nikampelekea mama yake ile karatasi, wakaenda hospitali ya Bombo, akapewa miwani. Sasa anasoma kuliko wenzake. Lakini sijui nitaisimulia vipi bila kutaja ilitokea wapi.

Nimejiandaa kwa kuandika majibu ya maswali ya ugaidi, kwa nini tunavaa hijabu, na haki za wanawake katika Uislamu. Kurasa kumi na moja, nazihifadhi kwa Kiingereza. Hata hivyo nikifikiria lile swali la "jieleze wewe ni nani" ulimi unakauka. Nimelelewa kwamba mtu hajisifu. Nikimwambia mzungu nisiyemjua kwamba mimi ni hodari, si ndiyo ria yenyewe hiyo, kujionyesha kwa watu?

Nisaidie, Shangazi. Siku zinakwenda.

Mwenye wasiwasi, Ngamiani

*

Waalaykum salaam, mwanangu, marahaba.

Mtandio wako vaa. Hilo nalitoa njiani mapema kwa sababu ndilo lililokunyima usingizi, na wala si kubwa kama mnavyolifanya. Vaa ule unaovaa kila siku ukienda sokoni na chuoni, wa rangi moja, usiofanana na ukuta ulio nyuma yako, maana kamera za kompyuta nyingi ni dhaifu na mtandio mweupe mbele ya ukuta mweupe hukufanya uso unaoelea. Ukae umetazama dirisha, usilipe mgongo. Na kama utatumia hedifoni, jaribu kabla: kitambaa kikifunika kile kidude cha sauti, au pini ikikisugua, mwenzako atasikia mchakacho tu, na wewe utadhani amechukizwa na ushungi kumbe hasikii.

Sasa tuje kwa ami yako, maana bila kumwelewa yeye hatutafika.

Ami yako hajakosea kuogopa, amekosea mlango. Yeye anazungumzia dirisha la viza. Pale unasimama mbele ya afisa wa serikali dakika chache, anataka kujua nani analipa na utarudi au hurudi, na anaweza kukukatalia papo hapo. Ukipita huko mbeleni, insha'Allah, utalifikia dirisha hilo, na hata hapo mtandio si kosa: picha ya viza ya Marekani inaruhusu kufunika kichwa kwa mtu anayejifunika kila siku kwa sababu ya dini, ilimradi uso wote uonekane na kusiwe na kivuli. Lakini Alhamisi hakuna afisa. Huyo atakayekupigia ni mhitimu wa chuo, mtu mwenye kazi zake, aliyejitolea kuzungumza na vijana wanaoomba kwenda alikosoma. Mara nyingi hana hata alama zako mkononi. Anazungumza nawe, anaandika taarifa fupi, anaituma kwenye ofisi ya udahili, na taarifa hiyo inawekwa pamoja na matokeo yako, insha zako na barua za walimu. Hafungi faili, kwa sababu faili hanalo.

Wala hapa kwetu huna wa kumuuliza, ndiyo maana maneno ya ami yakawa sheria. Vyuo vyetu vinakuchukua kwa alama za mtihani wa taifa wa NECTA. Unaomba, unasubiri orodha, basi. Nani Ngamiani amewahi kuulizwa na chuo kikuu "nieleze kuhusu wewe"? Uingereza nako ni namna nyingine kabisa. Oxford na Cambridge huwasaili vijana mwezi wa Desemba, na msaili ni mhadhiri wa somo lenyewe: anakupa tatizo la baiolojia ambalo hujawahi kuliona, akuangalie unavyolivunjavunja. Wa kwako si huyo. Wa kwako anataka kujua ukikaa darasani na watu wengine kumi na watano utaleta nini.

Kwa hiyo zile kurasa kumi na moja, mwanangu, ziweke pembeni.

Sisemi hivyo kwa kuwa hazina maana. Nasema hivyo kwa kuwa umejiandaa kushitakiwa. Umekaa usiku unaandika utetezi wa kesi ambayo hakuna aliyeifungua, na lile swali moja ambalo una hakika litakuja, la wewe ni nani, hujaliandikia hata mstari. Waislamu duniani wamepita bilioni moja na nusu. Hakuna kikao tulichokaa tukakuchagua wewe utusemee kwa dakika 45. Akikuuliza kuhusu mtandio, na anaweza kuuliza kwa nia njema tu, mjibu kama ungemjibu jirani Mkristo wa Pongwe aliyekuuliza: ni ibada, nimeuvaa tangu utotoni, nikawa mkubwa nikaendelea kwa kupenda mwenyewe. Sentensi mbili. Kisha rudi kwenye mazungumzo. Akikuuliza la ugaidi, jambo ambalo silitarajii, mwambie linakuumiza kama linavyomuumiza yeye, na kwamba usingependa kuzungumza kwa niaba ya watu usiowajua. Akizidi kung'ang'ania, akavuka mpaka, maliza kwa adabu halafu uiandikie ofisi ya udahili ueleze kilichotokea. Ile ofisi ipo, na msaili si mungu wake.

Kuhifadhi kwenyewe ndiko kunakonitisha zaidi. Nikuchekeshe kidogo. Mimi nilipokwenda kufanyiwa usaili wa chuo cha ualimu, miaka hiyo nywele zangu nyeusi, nilikuwa nimehifadhi aya nzima ya Kiingereza kuhusu faida za elimu kwa taifa changa. Nikaingia, nikaketi, mzee mmoja akaniuliza kwa upole nimesafiri vipi kutoka nyumbani. Mimi nikafungua mdomo nikaanza: elimu ni ufunguo wa maisha. Nikaenda nayo mpaka mwisho, jasho linanitiririka, na yule mzee kwa huruma akanisubiri nimalize, halafu akauliza tena: sasa, mwanangu, umekuja kwa basi au kwa treni? Hadi leo nikilikumbuka nafunika uso kwa kanga.

Kiingereza chako kikikatikatika, kikatike. Yeye anajua si lugha uliyonyonyea. Ukikosa neno, lieleze kwa maneno mengine. Ukikosa kusikia, mwombe arudie. Asichoweza kukusaidia ni pale unapokariri, kwa sababu anayekariri hasikii anachoulizwa.

Haya, la kujisifu.

Hapa nimesimama kidogo kabla ya kuandika, maana hili hata mimi nimelelewa nalo. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tumeambiwa hivyo tangu tukicheza kombolela. Binti anayejitaja mbele za watu tunamwita mjuvi. Halafu anakuja mtu wa Marekani anakutaka ujitembeze saa nzima! Unayo haki ya kukauka ulimi.

Lakini fungua Sura Yusuf, aya ya 55. Nabii Yusuf ametolewa jela, kasimamishwa mbele ya mfalme wa Misri, na njaa ya miaka saba iko njiani. Hakuinamisha kichwa akasema mimi si kitu, mtakavyoona. Aliomba awekwe juu ya hazina za nchi, akatoa na sababu: mimi ni mlinzi, tena mjuzi. Kuna kazi, anaiweza, akasema anaiweza. Sijamsikia ustadhi yeyote wa Tanga akimsoma Yusuf hapo kwamba alifanya ria. Ria ni kutenda jambo la Mungu ili watu wakutazame. Wewe yule mtoto ulimpima macho mwaka jana, wakati hukuwa na habari ya msaili wala Marekani. Ulilitenda kwa ajili yake. Sasa umeulizwa umefanya nini na maisha yako. Ukificha, hujawa mnyenyekevu, umemnyima mwenzako jibu aliloliomba.

Na angalia Yusuf alivyosema kwa ufupi. Hakupanga sifa kama shanga. Vijana wengi wakiulizwa wao ni nani huanza: mimi ni mchapakazi, mvumilivu, kiongozi, napenda kushirikiana. Hizo ni sifa zisizo na mwenyewe; ukizichukua ukamvika mtu yeyote zinamtosha. Wewe acha sifa, simulia tendo. Simulia kama ulivyonisimulia mimi kwenye barua, maana pale hukujisifu hata kidogo, na mimi nilipofika kwenye zile hatua nne niliweka barua chini nikamwita jirani nimsomee.

Unajua ulifanya nini pale? Watu wazima wote walikuwa na jibu tayari: mtoto mzito. Wewe ukaona jambo lisilolingana na jibu hilo, pua kwenye msahafu. Ukabuni namna ya kupima kwa chaki na hatua za miguu. Ukabadilisha kitu kimoja kimoja, ukaandika. Kisha ukampelekea mtu mwenye uwezo wa kuchukua hatua, ukiwa na karatasi badala ya maneno matupu. Mwanangu, hiyo ni sayansi, imefanyika jamvini, baina ya juzuu amma ya Kurani na kelele za watoto. Wako wengi watakaomweleza msaili majaribio ya maabara waliyoelekezwa na mwalimu. La kwako ulilianzisha mwenyewe.

Na jambo hilo ndilo mnalotaka kulizika kwa sababu ya mahali lilipotokea!

Usiseme "kituo cha watoto". Kwanza ni uongo mdogo, na uongo mdogo huomba mwenzake: atakuuliza kituo kinafadhiliwa na nani, kina watoto wa aina gani, wewe utaanza kuzungukazunguka, na yeye atahisi unaficha, ila hatajua unaficha kitu kizuri. Sema madrasa. Kisha mfafanulie papo hapo, kwa pumzi moja: mtaani kwetu watoto wakitoka shule mchana huenda alasiri kujifunza kusoma Kurani, na mimi ni mmoja wa wanaowafundisha. Neno likishakuwa na watoto thelathini na wawili na ubao ndani yake, halimtishi mtu. Tena mwambie kwa Kiswahili cha pwani mahali hapo tunapaita chuo, na chuo kikuu nacho tunakiita chuo. Mimi kama ningekuwa yeye ningelipenda hilo.

Mama yako sijamsahau. Mama anaogopa usije ukadhuriwa kwa dini yako, hofu ya mzazi hiyo, usiibishie kwa hoja. Mwambie tu kwamba utataja madrasa pale tu unaposimulia ulichokifanya, na hutaingia kwenye mijadala. Nadhani ataridhika. Na umwombe dua, maana hiyo atakupa bila masharti.

Kuhusu bahari nina neno moja, kwa sababu naona mtego. Unatoka Tanga na unataka kusomea viumbe vya bahari, kwa hiyo utatamani kumsimulia habari za silikanti, wale samaki wa kale: kwamba walidhaniwa wametoweka miaka zaidi ya milioni sitini iliyopita, mpaka mwaka 1938 yule binti wa makumbusho ya East London, Afrika Kusini, alipomwona mmoja kwenye shehena ya wavuvi; kwamba kuanzia 2003 wakaanza kunaswa huku kwetu Tanzania; kwamba wanazaa, hawatagi; kwamba 2009 tukapata hifadhi ya bahari kwa ajili yao. Yote ni kweli, na yote anaweza kuyasoma mwenyewe jioni hiyo hiyo. Asichoweza kukisoma ni anachokisema baba yako. Mvuvi ametega jarife la papa, amelala baharini, analivuta na kukuta dude la makumi ya kilo ambalo haliuziki na lina ulinzi wa sheria. Analionaje? Analionaje eneo lililowekewa mipaka, na yeye ana watoto wa kulisha? Na wewe, mtoto wake unayetaka kumlinda samaki huyo, mnaongeaje mezani? Muulize baba usiku wa leo kama hujawahi kumuuliza. Hutakuwa na jibu safi, na usilitafute. Mwambie msaili pale mlipofikia wewe na baba, na kwamba unataka kusoma kwa sababu bado hamjaafikiana. Kama mmeafikiana, basi, sema hivyo.

Sasa saa. Nilitaka kulipita haraka lakini nimeona watu wakiangamia hapa.

Hiyo "10:00 AM ET" ni saa nne asubuhi ya pwani ya mashariki ya Marekani. Kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba hadi Jumapili ya pili ya Machi sisi tuko mbele yao kwa saa nane. Miezi iliyobaki ni saa saba, kwa kuwa wao husogeza saa zao na sisi hatuna mchezo huo. Majira haya ni saa nane, kwa hiyo Alhamisi yako ni saa kumi na mbili kamili jioni. Andika hivyo hivyo, kwa neno "jioni". Namjua kijana aliyeandika kwenye daftari "saa nne" akasahau kuuliza ni saa nne ya nani. Akakaa mbele ya simu asubuhi, shati limepigwa pasi, amejipulizia na marashi, anamsubiri mtu ambaye kwake ni saa nane za usiku na amelala fofofo.

Saa kumi na mbili jioni, dakika 45: Magharibi inaingia katikati. Majira haya kwetu ni kama saa kumi na mbili na nusu. Wakati wa Magharibi ni mfupi lakini si mfupi hivyo. Ukimaliza saa moja kasorobo unaswali na bado Isha haijaingia. Udhu uwe nao tayari. Ila kama unajijua, kwamba adhana ikiingia moyo wako utakuwa kwenye mswala na macho kwenye kompyuta, mwandikie msaili leo, si siku ya kuamkia, umwombe muanze mapema kwa saa moja, saa kumi na moja jioni yetu. Sababu itaje: ni wakati wa swala ya jioni. Ombi la mstari mmoja, la kawaida kama mtu kuomba kwa ajili ya miadi ya hospitali. Mkibaki palepale, adhana itaingia kwa dirisha, maana Chumbageni au Ngamiani hakuna mahali isikosikika. Mwambie ni mwito wa swala, utapita baada ya dakika chache, na uendelee. Usiruke kufunga dirisha kama aliyefumaniwa.

Usaili wa Marekani ukiangukia Ijumaa hauna shida. Wakati sisi tunasikiliza khutba wao bado hawajaamka. Wanaoomba Uingereza ndio waangalie: saa nne ya asubuhi ya London majira haya ni saa saba mchana kwetu, imamu yuko kwenye mimbari. Na kwa kuwa Ramadhani hurudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka, itafika 2030 iingie mara mbili, Januari na Desemba. Wadogo zako watakaosailiwa mwaka huo nitawaandikia wakati huo, nikiwa hai, habari ya kuzungumza Kiingereza na koo kavu.

La kupeana mikono kwa video halipo. Ikitokea siku moja ukakutana na msaili ana kwa ana, weka kiganja kifuani, tabasamu, umsalimie kwa jina. Wengi wanaelewa, asiyeelewa utamweleza. Mkutane mahali pa watu, na kaka yako akae meza ya pili na soda yake.

Mwishoni atakuuliza kama una maswali. Uwe nayo. Usimuulize yaliyo kwenye tovuti. Muulize alichojutia kutokifanya alipokuwa mwanafunzi, au wanafunzi wa nje hupita wapi sikukuu chuo kikifungwa, hilo lina maana kubwa kwako kuliko unavyodhani. Habari za chakula cha halali na mahali pa kuswali unaweza kumuuliza pia, si aibu, lakini pengine hazijui. Zitafute chuoni kwenyewe. Chama cha wanafunzi Waislamu wa Marekani na Kanada kipo tangu 1963, kina matawi vyuo vingi, waandikie dada wa tawi la hapo. Na umwambie mama, labda atalala, kwamba chuo cha kwanza Marekani kumwajiri imamu wa muda wote kuwahudumia wanafunzi kilikuwa Georgetown, mwaka 1999, na Georgetown ni chuo cha mapadri wa Kijesuti.

Baada ya mazungumzo mwandikie shukrani siku hiyo hiyo au kesho yake, mistari mitatu, utaje kitu kimoja mlichozungumza.

Nimebakiza ami, kwa makusudi. Huwezi kumwendea ukamwambia Shangazi kasema hujui kitu. Kompyuta ni yake, na isitoshe ni baba yako mdogo. Nenda Jumamosi asubuhi na salamu za mama. Mwambie umekuja kumwomba jambo: akusaili. Mpe maswali matano uliyoyaandika mwenyewe: wewe ni nani, kwa nini chuo hiki, unafanya nini nje ya masomo, lini ulishindwa jambo, una swali gani kwangu. Mweke mbele ya kompyuta chumba cha pili, wewe uwe kwenye simu, mpigiane kwa video kama kweli, na wewe uwe na mtandio wako kichwani kama siku zote. Akufanye mgumu atakavyo; nadhani atafurahia kuwa yeye safari hii upande wa pili wa dirisha. Ukifika kwenye yule mtoto wa hatua nne usiruke chochote. Kisha muulize, ami, sauti inasikika? Mtandio unaonekana vizuri au nibadilishe rangi?

Mkimaliza, mjue bando limekula kiasi gani ili mnunue la kutosha Alhamisi, na hiyo kompyuta muichaji tangu mchana, umeme wa jioni usiuamini.